Duara Jekundu Mkononi mwa Mama

Saa ile nilitaka kuiponda kwa mchi tangu wiki ya kwanza. Sikuiponda kwa sababu mama alikuwa akiifuta kwa upindo wa leso kila asubuhi kabla ya kuivaa, na kwa sababu aliyeituma ni kaka yangu, mtoto wake wa kiume wa pekee, aliyeko Ulaya katika mji ambao mama hajaweza kulitamka jina lake mpaka leo. Kitu kilichotoka kwa yule mwana hakipondwi nyumbani kwetu. Hata makopo ya mafuta ya kujipaka aliyotuma zamani bado yako juu ya kabati, matupu, yamepangwa.

Tunaishi Kismayo, mimi na mama, katika nyumba ya vyumba viwili si mbali na bandari, ingawa yeye ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu Chula, kisiwa alikozaliwa. Ana maradhi ya sukari. Mdogo wake alikuwa nayo pia, akakatwa mguu chini ya goti, na hakumaliza mwaka. Kwa hiyo daktari alipotuambia kwamba mama asipoacha vitu vitamu miguu yake itakwenda kulekule, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Niliondoa sukari jikoni. Nikapunguza wali, nikaficha tende, chai nikawa naitia maziwa na iliki tu. Mama alininunia mwezi mzima, lakini alikubali, na sukari ilianza kushuka. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu jamaa zangu wamelisahau: kabla ya saa kuja, sukari ilikuwa inashuka.

Ndipo saa ikaletwa na msafiri, ndani ya kiboksi cheupe kizuri kuliko chochote kilichokuwamo ndani ya nyumba ile. Kaka alipiga simu ya video kutuelekeza. Saa inahesabu hatua, alisema. Inasoma mapigo ya moyo kwa taa ya kijani iliyo tumboni mwake, na kutokana na hayo inakadiria mwili umeunguza kalori ngapi. Ukila unaingiza, ukitembea unaunguza. Mama haoni tarakimu zile ndogo, kwa hiyo kaka akamtafutia njia ya mkato. Kwenye uso wa saa kuna duara jekundu linalojaa kidogo kidogo kadiri mwili unavyounguza.

“Duara likifunga, mama,” alisema kwa lafudhi yetu ya visiwani, “ujue umeunguza vya kutosha. Siku hiyo kula kichu kitamu kidogo, hakidhuru.”

Hakidhuru. Alilitoa neno hilo akiwa ameegemea kochi, katika nchi ya baridi, hajauona mguu wa mama kwa miaka, na hakuniuliza mimi ninayemchoma kidole kila asubuhi kumpima. Hakuniuliza kwa sababu mimi sina saa. Mimi nina macho tu, na macho ya dada aliyebaki nyumbani hayana thamani mbele ya kitu kinachochajiwa kwa umeme.

Sasa nieleze siku za mama zinavyokwenda, ili msomaji aone upuuzi wenyewe. Mama husuka ukili, ule utepe wa majani ya mkoma unaoshonwa kuwa mkeka. Anaketi sakafuni juu ya jamvi tangu baada ya chai ya asubuhi, miguu ameinyoosha, miyaa iliyoloweshwa iko pembeni yake, na mikono haitulii. Inapitisha, inavuta, inakaza, inapitisha tena. Ukili ukirefuka anauvingirisha, anaanza mwingine. Akiondoka hapo ni kwa sababu ya udhu au ya mtu kupiga hodi. Daktari alimwambia atembee, naye hutembea kutoka jamvini hadi mlangoni na kurudi. Mimi humsumbua jioni twende japo hadi kwenye duka la pembeni, naye hunijibu kwamba magoti hayataki.

Siku chache baada ya kuivaa saa, niko jikoni napika, nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema.

“Yeo nimefunga kabla ya adhuhuri,” akasema, akaniinulia mkono. “Nipa tende.”

Nilitazama. Duara lilikuwa limejaa kweli, linameremeta, na juu yake kuna kijitu cha kuchorwa kinachokimbia. Mama hakuwa ameinuka pale jamvini tangu saa tatu. Nikamwambia saa imekosea.

“Hiki kichu hakikosei, mwanangu. Wachu wa Ulaya wamekipima.”

Nikampa tende moja. Alikula tatu, kwa sababu alijua nilipozificha.

Kesho yake nilimvua ile saa akienda kuoga, nikaivaa mwenyewe. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi. Nilikuna nazi za chakula cha mchana na za jirani, nimekaa kitako, sijanyanyua hata kisigino, na saa ikanitikisa mkono kuniarifu kwamba naonekana niko matembezini. Matembezini! Kisha nikachukua dumu la maji kwa mkono uleule wenye saa, nikalibeba kutoka bombani hadi nyumbani, jua la mchana, bega linataka kung'oka, jasho linaniingia machoni. Nilipolitua nikatazama duara. Lilikuwa palepale. Mkono uliobeba mzigo haupungi, na kwa saa ile mkono usiopunga haujakwenda popote. Nikafikiri wanawake wote wa pwani hii wanaobeba, kichwani, mkononi, mgongoni, na nikafikiri watu waliokaa mahali fulani kuitengeneza, na nikaona kwamba hata mmoja wao hajawahi kubeba dumu.

Nilimpigia kaka. Nilimweleza nazi, nilimweleza dumu, nilimweleza ukili. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ile subira yake ya kunihurumia.

“Abayo,” akasema, kwa maana sisi huku hata dada zetu twawaita kwa Kisomali, “saa haina ubaya na mchu. Wewe ndiwe una ubaya nayo.”

“Sukari ya mama imepanda.”

“Basi mpunguzie wali. Mimi naona hapa kwenye simu yangu, mama anaunguza vizuri kuliko mimi.”

Ndiyo, alikuwa akiona. Kila duara lilipofunga, simu yake ililia huko aliko, naye alipiga siku ileile kumpongeza mama. Zamani alikuwa akipiga Idi hadi Idi. Sasa sauti yake ilijaa nyumbani karibu kila jioni, mama anacheka, anamwonyesha mkono, na mimi nimesimama mlangoni na kile kimashine changu cha kupima damu ambacho hakuna aliyetaka kukipongeza.

Halafu ikaja harusi ya Chula. Binti wa binamu yake mama alikuwa anaolewa, na mama alitakiwa si kama mgeni tu. Mkeka wa bibi harusi alikuwa ameusuka yeye, na katika wanawake wa umri wake hakuna anayepiga vugo kama yeye. Vugo ni zile pembe za ng'ombe ambazo wanawake wa kwetu huzigonga kwa vijiti wakiimba harusini. Wapigaji wazuri wamebaki wachache, na pembe ikiwa mkononi mwa mama hata wasichana wanaojifanya wameshapitwa na mambo hayo hutoka ndani kuja kusikiliza. Sikuweza kumkatalia kwenda. Nilifunga dawa zake, nikafunga kimashine changu, tukapanda boti ya mashine.

Maji yalikuwa yamekupwa tulipofika, na boti haikuweza kusogea hadi ufukweni. Wote tulishuka tukatembea ndani ya maji, viatu mkononi, kama inavyofanywa siku zote. Mama alijitwika kikapu chake akakishika kwa mikono miwili. Ulikuwa mwendo mrefu wa tope na mawe na makombe, maji magotini, na mtu wa umri wake aliumaliza akihema. Ndiyo matembezi pekee ya haki aliyoyafanya tangu aivae saa, na nilipoitazama saa baada ya kufika, duara lilikuwa halijafika hata robo. Nilicheka kwa hasira. Mama aliuliza nacheka nini, nikasema hakuna.

Hukohuko majini ndiko alikokatwa na kombe chini ya mguu. Hakusikia. Sukari ilikuwa imeshaila hisia ya nyayo zake, na mimi sikujua, na yeye hakujua. Aliosha miguu, akavaa ndara, akaingia harusini.

Walimpaka hina, na juu ya hina wakamchora kwa piko, mistari myeusi kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo cha mkono, na ilipokauka akaivaa saa palepale juu ya weusi ule. Taa ya kijani ilisoma nini kupitia piko, Mungu ndiye anajua. Jioni wakampa pembe. Alipiga vugo ameketi, mkono unapanda na kushuka bila kupumzika, uso umenyooka, anaimba, na nitasema kweli hata nikiwa na hasira, alikuwa mzuri kumtazama. Saa ikatikisika. Akaunyoosha mkono juu, duara jekundu likaonekana na wote, na kwa kuwa alikuwa ameshawasimulia maana yake, wanawake wakapiga vigelegele wakamletea kisahani cha halua.

Nilikichukua kile kisahani mkononi mwake mbele ya watu. Nikasema mama mgonjwa, asile.

“Muwache mamako,” shangazi yangu akaniambia, na ukumbi mzima ukanitazama. “Mwanawe wa kiume amempa ruhusa, wewe wamnyima kwa lipi?”

Wakamrudishia. Duara lilifunga siku ile mara mbili, na kesho yake, na siku ya kutoka bibi harusi, na kila lilipofunga kisahani kilikuja. Nilibaki nimekaa pembeni na meno nimeyauma. Nilikuwa mtu mbaya wa harusi ile, mwenye roho ya kwanini, binti asiyemtakia mamake utamu. Asubuhi ya kuondoka, tukikunja mikeka, nikaona doa la kahawia kwenye mkeka mpya, pale mama alipokuwa akiketi. Nikafikiri ni hina. Nikamwambia aniinulie mguu.

Sitauelezea mguu ule. Aliyewahi kumuuguza mwenye sukari anaujua, na asiyewahi, Mungu amwepushe.

Hospitalini Kismayo muuguzi, msichana wa Kisomali mwenye mikono mepesi, aliusafisha uchafu ule taratibu akamuuliza, “Hooyo, hukusikia uchungu?” Hooyo ni mama kwa Kisomali, ndivyo wanavyomwita kila mwanamke mkubwa. Mama akajibu hakusikia kitu. Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu anayesifiwa kwa uvumilivu, na mimi nikatoka nje. Walimkata kidole gumba na kile cha pili yake. Tulikaa siku nyingi tukisubiri kujua kama watapanda juu zaidi, hadi goti, hadi pale walipofika kwa mdogo wake. Hawakupanda. Mguu ulibaki. Alhamdulillahi, nalisema kwa moyo wote, lakini vidole viwili vya mama yangu vimezikwa na mimi ndiye niliyekwenda kuvizika.

Jioni ya siku waliyomkata nilimpigia kaka. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, simdhulumu kwa hilo. Halafu, katikati ya kilio, akasema jambo lililonitia wazimu.

“Lakini abayo, nimetazama tena hesabu zake. Aliunguza sana siku zile. Halua kidogo haikupasa kumfanya hivi.”

Hapo nikamuuliza swali ambalo sijui kwa nini sikuliuliza tangu mwanzo. Nikamuuliza saa inamjuaje mama. Akaeleza kwamba kabla ya kuanza inataka iambiwe umri wa mtu, urefu wake na uzito wake, na hapo ndipo inapopata pa kuanzia hesabu ya kalori. Nikauliza nani aliiambia. Akasema yeye, aliyajaza hukohuko kabla ya kuituma, ili asitusumbue.

“Uliiambia mama ana uzito gani?”

Akautaja. Ulikuwa uzito wa mama aliyemuaga pale bandarini siku alipoondoka, mwanamke mnene aliyekuwa akijaza mlango, mwenye mikono ya kumbeba huyu na kumpiga yule. Mwanamke huyo hayupo. Sukari imemla miaka yote hii, mbele ya macho yangu, leso moja sasa inamzunguka karibu mara mbili. Saa ilikuwa ikihesabu jasho la mtu ambaye kaka anaye kichwani mwake tu, ikimruhusu mtu huyo halua, na aliyeila ni huyu mwembamba aliyebaki kwangu.

Nilimwambia. Sitaki kurudia maneno niliyoyatumia, lakini wagonjwa wa vitanda vya pembeni waligeuza nyuso. Kisha akauliza mama ana uzito gani sasa, nikamwambia, akasema ataurekebisha, na kwamba baada ya hapo saa itasema kweli. Ndivyo alivyosema. Nikakata simu.

Nilirudi kitandani kwa mama nikamwambia saa naitupa jalalani. Nilimwambia yote, ukili, nazi, dumu, piko, uzito. Nilimwambia alidanganywa na kidude na mtoto wake, na sasa aone. Aliniacha nimalize. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka na mistari ya piko ilikuwa haijafutika bado.

“Wadhani mimi sijui?” akasema. “Mchu amekaa kitako kutwa nzima, atakuwa ametembea wapi?”

Nikauliza, kama alijua, kwa nini.

“Ikifunga, mwanangu hupiga simu.”

“Na halua?”

“Halua ni tamu,” mama akasema, akageukia ukutani.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani mwangu, na safari hii sikujua hasira niipeleke kwa nani. Nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya saa. Nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya kaka. Kumbe mama alikaa pale jamvini akisuka kwa mikono miwili ili sauti ije, akijua, na mimi ninayemwosha, ninayempikia, ninayemchoma kidole, sikuwa sauti ya kutosha. Hilo liliniuma, naliandika kama lilivyo.

Tukarudi nyumbani. Saa niliitia kabatini nyuma ya yale makopo matupu. Kaka alipiga kila siku wakati jeraha lilipokuwa bichi, akauliza mguu, akamwombea dua. Jeraha lilipokauka akawa anapiga siku moja moja. Kisha Ijumaa. Kisha Ijumaa zingine akasahau, ana kazi, ana watoto, nchi ile haina nafasi, nayajua yote hayo. Sukari ya mama ilishuka vizuri, daktari alifurahi, mguu ulibaki mguu. Na mama akawa anaiweka simu juu ya jamvi karibu na miyaa, uso wake juu, anasuka huku akiitazama.

Mchana mmoja nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi, akaja anachechemea na saa mkononi. Alikuwa ameitafuta mwenyewe, ameichaji, ameifuta.

“Ivae wewe,” akasema.

Nilimwambia sivai. Nilimwambia ni ujinga, ni uongo, ni matusi kwa vidole vyake alivyokatwa. Alisimama tu, ameegemea ukuta upande wa mguu mzima, ameninyooshea ile saa. Nikaivaa kwa hasira, nikakuna kwa hasira, nazi ya kwanza, ya pili, na moja isiyohitajika kwa chakula chochote. Duara likafunga. Tui lilikuwa halijachemka simu ilipolia.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Nilimsikia kaka akicheka hukohuko aliko, akisema anaona kwenye simu yake, mama yeo amekwenda mbali, basi mguu umepona.

“Umepona, mwanangu,” mama alisema. “Nimefika hata pwani.”

Waliongea mpaka wali ukaiva. Mwishowe kaka akaomba kunisalimu, mama akanipa simu, akabaki amesimama mbele yangu.

“Umeona, abayo?” kaka akaniambia. “Tangu niirekebishe haisemi urongo.”

Mkono wangu ulikuwa umejaa chicha na ile saa iko juu yake. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo tele. Mama alikuwa akinitazama kinywani.

Nikamwambia ndiyo, kaka, nimeona.